Madumu Mia na Arobaini

Mimi ni mhazini, si mshairi.
Kwa hiyo naanza na hesabu:
birika letu la ubatizo, kina cha kifua cha mtu mzima,
linameza madumu mia na arobaini ya lita ishirini.
Dumu moja, kwa mkokoteni, shilingi mia tatu.
Sadaka ya Jumapili iliyopita: elfu thelathini na moja na mia mbili,
ikiwemo noti iliyoungwa kwa gundi
ambayo nitaipeleka benki kwa uso mkavu.

Mabomba ya Makangarawe yalikohoa Jumatano, yakanyamaza.
Mgao, walisema. Mgao hauna tarehe.
Na sisi si watu wa kunyunyiza tone kwenye paji la uso;
kwetu mtu huzikwa mzima, akaibuka.
Kaburi lazima lijae.

Wa kubatizwa walikuwa wanne:
Ipyana, fundi pikipiki, kucha zake hazitakati hata kwa petroli;
mapacha wa Mama Lusekelo;
na Bibi Subilaga, miaka sabini na mmoja,
ambaye mafuriko ya Msimbazi yalimchukulia kitanda, mbuzi wawili, na Atupele,
na tangu hapo anaoga kwa kikombe.

Mchungaji alisema, "Tuombe."
Tukaomba. Kisha Mama Tusekile akafumbua jicho moja:
"Kwa Bi Siwema kuna kisima."

Tukatazamana.
Jumamosi iliyotangulia tulibisha hodi kwa Bi Siwema kumshuhudia,
tukakaa jamvini pake saa nzima na vipeperushi vyetu.
Alitusikiliza mpaka amina,
akatufungia visheti katika karatasi ya daftari la mjukuu,
akasema ametuelewa, na kwamba adhuhuri imeingia.

Sasa tunarudi na ndoo tupu.

Nilikwenda na daftari, tupatane bei.
Alikuwa anapeta mchele. Hakuinua uso.
"Ni yale ya kumzika mtu, mliyonieleza?"
"Ndiyo hayo, Bi Siwema."
"Basi chukueni. Maji ya maziko hayauzwi."

Vijana wa kwaya wakapanga mstari toka pampu hadi mimbari,
dumu kwa dumu, mkono kwa mkono,
na wajukuu wa Bi Siwema wakaingia mstarini na kofia zao za madrasa,
hakuna aliyewaita, hakuna aliyewafukuza.
Sakafu niliyoipigia deki asubuhi ikawa tope.
Nilihesabu mia na tatu, mia na nne,
hapo hesabu ikanipotea, mara ya kwanza tangu nishike ofisi.

Jumapili
Ipyana aliingia na kutoka kama bata.
Mapacha walicheka, wakakaripiwa, wakacheka tena.
Bibi Subilaga akasimama ngazi ya pili,
vazi jeupe limefura kiunoni,
vidole vimeng'ang'ania ukingo.
Mchungaji hakumvuta. Hatukuimba.
Sikutazama saa, nanyi mnajua mimi hutazama saa.
Akainama, akachota kwa viganja, kiasi cha kikombe,
akajimwagia utosini.
Akachota tena.
Ndipo akamwambia Mchungaji neno kwa Kinyakyusa
na akajiachia chali.

Maji yakajifunga juu yake.

Aliibuka akikohoa, akiita jina.
Wengi wanasema aliita Yesu.
Mimi nilikaa benchi la mbele:
aliita Atupele.

Jumatatu hatukuyamwaga.
Akina mama walifulia mapazia,
yaliyobaki tukayachimbia mfereji hadi kwenye matuta ya Bi Siwema,
naye akapaza sauti juu ya ukuta:
"Mhazini! Mchicha wangu ukianza kuimba kwaya, tutaonana serikali ya mtaa!"

Katika daftari, safu ya matumizi, nimeandika *Maji*,
na mbele yake sikuandika kitu.
Wakaguzi wanakuja mwezi wa sita na kalamu zao za kijani.
Waulize tu.